Korongo wa Yeovilton na Shazia ya Babu

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa Waswahili wa Bristol na vitongoji vyake. Waliokosa kuja wameniomba niiandike. Nimeiacha kama nilivyoisema, ila picha nilizoonyesha ukutani nimezipita.

Assalamu alaykum. Wazee wangu, shikamoni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, hamjambo? Na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma, sogeeni mbele kidogo, maana yapo maneno ya leo ambayo ni yenu hasa.

Wengi mnanijua kwa kazi yangu. Mimi ni fundi wa ndege. Nilianza Mombasa, katika uwanja wa Moi, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na mikono hii haijaacha kunuka oili tangu siku hiyo. Nimeshughulikia ndege za abiria, ndege za mizigo, ndege ndogo za watalii za kwenda Lamu na Mara. Lakini leo nataka niwaambie habari za ndege moja ya kitambaa.

Ndiyo, nimesema kitambaa.

Mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka ukumbi huu, ukielekea kusini, kuna uwanja unaoitwa Yeovilton, katika jimbo la Somerset. Ni uwanja wa jeshi la majini la Uingereza. Kando ya njia ya kurukia kuna makumbusho ya ndege za jeshi hilo, na upande wa pili yako mabanda ambamo ndege za zamani zinatunzwa. Hazikuwekwa mle zitazamwe tu. Zinatunzwa ziruke. Kubwa lao, kwa heshima ingawa si kwa ukubwa, inaitwa Fairey Swordfish. Jina hilo ni la yule samaki mwenye mdomo kama upanga, wavuvi wetu humwita nduaro.

Nani hapa amewahi kuiona? Naona mikono miwili. Basi nifuateni, niwapeleke.

Kwanza inatolewa bandani. Watu sita, saba, wanaisukuma kwa mikono. Mbawa zake zimekunjwa kuelekea nyuma, zimelala ubavuni, maana ilitengenezwa ikae ndani ya manowari ya kubeba ndege, na melini nafasi ni haba. Ikishatoka nje mbawa zinafunguliwa na kutiwa pini. Zina urefu wa karibu mita 14 kutoka ncha hadi ncha, nazo ziko mbilimbili, bawa la juu na bawa la chini, katikati kuna vijiti na nyaya zilizokazwa. Ukizigusa nyaya zile zinalia kama zeze.

Halafu mafundi wawili wanapanda ubavuni mwa injini wakiwa na mkono wa chuma. Wanauchomeka, wanaanza kuzungusha. Mwanzo ni mzito, kama jiwe la kusagia. Ndani kuna gurudumu linalokusanya nguvu zao. Linaanza kulia, sauti nyembamba, inapanda, inapanda, mabega ya mafundi yanakwenda, jasho linawatoka, na sisi watazamaji tumenyamaza kimya. Rubani anaunganisha gurudumu na injini. Propela inageuka mara moja. Inageuka tena. Moshi unatoka puu! Silinda moja inashika, ya pili inashika, kisha zote tisa, na ndege nzima inatetemeka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Injini hiyo ni Bristol Pegasus, nguvu za farasi karibu 700. Lishikeni jina hilo, Pegasus, tutakutana nalo tena huko mbele.

Kisha inaruka. Haihitaji mbio ndefu. Inakwenda kidogo juu ya njia, na kabla hujawa tayari, imekwisha nyanyuka. Na ikipita mbele yako, jambo la kwanza unaloliona ni jinsi ilivyo taratibu. Mwendo wake wa mwisho kabisa ni kama kilomita 220 kwa saa. Upepo ukiwa wa mbele, unadhani imesimama angani. Unawaona watu watatu wamekaa ndani, vichwa vyao viko nje, hawana paa, hawana kioo cha kuwafunika, upepo wote ni wao.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimesoma habari za ndege hizi kwa miaka mingi. Nilijua kwamba usiku wa tarehe 11 Novemba 1940, Swordfish 21 kutoka manowari Illustrious ziliingia bandari ya Taranto, Italia, zikazipiga manowari kubwa tatu kwa topido, yaani kombora linalopita chini ya maji. Nilijua kwamba Mei 1941 topido ya Swordfish ndiyo iliyouvunja usukani wa Bismarck, manowari kubwa ya Kijerumani. Nilijua yote hayo. Lakini kujua ni kitu kimoja.

Nilijua pia habari za tarehe 12 Februari 1942. Manowari za Kijerumani, Scharnhorst na Gneisenau, zilikuwa zikipita Mlango wa Uingereza mchana, zikilindwa na ndege za kivita juu. Swordfish sita ziliruka kutoka Manston, Kent, kuzifuata. Watu 18. Kiongozi wao aliitwa Eugene Esmonde. Topido huwezi kuiangusha ukiwa juu sana. Lazima ushuke, kimo cha mnazi tu kutoka majini, na uende moja kwa moja bila kuyumba, huku unapigwa. Zote sita ziliangushwa. Watu 13 walikufa, Esmonde akiwa mmoja wao, na nishani ya Victoria Cross ilitolewa yeye akiwa keshatangulia.

Nilisoma hayo kitabuni nikatikisa kichwa, nikafungua ukurasa wa pili. Lakini siku niliyoiona Swordfish ikipita mbele yangu, taratibu vile, laini vile, kitambaa kile, ndipo hofu iliponiingia mwilini kwa ajili ya watu wale. Nilitaka kuipigia kelele: kimbia! Na haikimbii. Haiwezi kukimbia. Hilo hakuna kitabu kilichonifunza. Nililipata pale, nimesimama nyasini.

Sasa kijana mmoja wa nyumbani kwangu aliniuliza swali, na ni swali zuri. Alisema, baba, kama ni ya thamani hivyo, kwa nini wanairusha? Si ingewekwa makumbusho, ikae salama?

Mnasemaje? Irushwe au isirushwe?

Nawapa ukweli wote, wa pande zote mbili. Ndege za kale zinaanguka. Mwaka 2014, huko Culdrose, Cornwall, ndege ya Sea Fury iliyotoka katika mabanda hayo hayo ya Yeovilton ilipoteza nguvu ya injini mbele ya umati. Rubani akaituliza chini, miguu ya ndege ikavunjika, yeye akatoka mzima. Ikatengenezwa kwa miaka. Aprili 2021 ndege hiyo hiyo ikaishia shambani, karibu na Yeovilton, waliokuwa ndani wakanusurika. Mwaka 2017 Sea Vixen, ndege ya jeti ambayo ilikuwa ya mwisho ya aina yake inayoruka duniani, ilitua kwa tumbo hapo Yeovilton kwa sababu mfumo wa haidroliki uligoma, na haijaruka tena. Kwa hiyo anayesema ziwekwe ndani, ana hoja. Simbishii kwa dharau.

Lakini nisikilizeni mimi fundi.

Swordfish ninayoizungumzia ina namba W5856. Iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Oktoba 1941. Mwaka 2003 ilisimamishwa kwa sababu kutu ilikuwa imeingia kwenye mihimili ya mbawa. Ikaruka tena 2015. Miaka 12! Miaka hiyo 12 ilikuwa ya nini? Ingekuwa ya makumbusho, kutu ile isingemsumbua mtu. Unapaka rangi juu, unawasha taa, watu wanapiga picha, wanakwenda. Lakini kwa kuwa ilitakiwa iruke, lazima apatikane mtu anayejua kujenga bawa la namna ile. Apatikane anayejua kukaza nyaya zile mpaka zilie sawasawa. Apatikane anayeisikiliza Pegasus ikiunguruma akakwambia silinda ipi haiko sawa. Apatikane rubani aliyefundishwa na rubani aliyefundishwa na rubani. Kitu kinachoruka kinawalazimisha watu kukijua. Kilichosimama hakimlazimishi mtu.

Mnataka mfano wa kwetu? Mtepe.

Nani hapa amepanda mtepe? Hakuna, na hawezi kuwapo. Mtepe ulikuwa chombo cha pwani yetu, wa Lamu, wa Pate, mbao zake zimeshonwa kwa kamba ya nazi, bila msumari hata mmoja, na tanga lake la mkeka. Ulikwenda baharini kwa karne na karne. Kisha yakaja majahazi ya misumari, ukaachwa, na katika karne iliyopita ukatoweka kabisa. Mwanzoni mwa karne hii ulijengwa mfano wake Zanzibar, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Nawashukuru waliofanya kazi ile, ilikuwa kazi kubwa. Lakini iliwabidi wabahatishe mambo ambayo mtoto wa Pate wa zamani aliyajua kabla hajabaleghe. Tanga la mkeka linashika vipi upepo wa kusi? Kamba ikilegea katikati ya bahari unafanyaje? Vitu hivyo viliishi mikononi mwa watu, na mikono ile imezikwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana ni hili: irushwe. Irushwe mara chache, kwa siku njema, kwa heshima. Na siku mafundi wakisema basi, iwe basi.

Naingia sasa kwenye lililonifanya niombe nafasi ya leo. Maana najua mmoja wenu anasema moyoni: haya ni mambo ya Waingereza, vita vyao, ndege zao, sisi yanatuhusu nini?

Ndugu zangu, yanatuhusu. Tena yalianza kutuhusu kabla Swordfish haijabuniwa.

Septemba 20, 1914, alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea mbele ya bandari ya Zanzibar. Ndani ya bandari kulikuwa na manowari ya Kiingereza, imetia nanga, inatengenezwa mitambo yake. Jina lake? Pegasus. Ikapigwa hapo hapo, ikazama. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwa cha Chapwani, ng'ambo tu ya Mji Mkongwe. Baada ya hapo Königsberg ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, ndani ya mito inayogawanyika kama mishipa ya mkono. Waingereza wakaziba milango ya bahari, lakini kuiona hawaioni. Utaionaje? Mikoko ni mirefu, meli imefunikwa majani.

Ndipo zikaletwa ndege. Hizo ni miongoni mwa ndege za mwanzo kabisa kuonekana katika anga ya pwani yetu, na zilikuwa za jeshi la majini. Ya kwanza ilikuwa ya kutua majini, rubani wake Dennis Cutler. Aliiona manowari Novemba 1914, na mwezi uliofuata akatekwa. Mwaka 1915 zikaletwa nyingine, joto na unyevu wetu vikaachanisha gundi na mbao, zikashindwa kupanda. Mwishowe zikaletwa Farman na Caudron, zikawekwa kisiwani Mafia. Tarehe 11 Julai 1915, rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu ya Rufiji, wakiziongoza kwa mawimbi ya redio meli mbili, Severn na Mersey, wapi zipige. Ndege yao ikapigwa injini. Wanashuka, wanaanguka, na Arnold bado anatuma ishara: mbele kidogo, hapo hapo, imepata. Wakaangukia mtoni, wakaokolewa. Königsberg ikaungua, Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake ikatolewa majini, ikakokotwa kwenda kupigana nchi kavu, na mmoja ukienda Fort Jesus leo utaukuta, karibu na mzinga wa Pegasus. Mahasimu wawili wamewekwa ua mmoja.

Majina ya Cull na Arnold yameandikwa, na yanastahili. Lakini ule uwanja wa Mafia, nyasi zake alikata nani? Mapipa ya petroli yalibebwa na mabega ya nani? Nani aliikokota mizinga kutoka kwenye tope la Rufiji? Maelfu kwa maelfu ya watu wetu walibeba mizigo ya vita vile, na wengi hawakurudi. Kilichobaki ni jina la soko. Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi: jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi. Tunanunua vitenge pale, tunanunua nyanya pale.

Vikaja vita vya pili. Aprili 1942 Wajapani walishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, wakazamisha manowari za Waingereza, mojawapo ni Hermes iliyokuwa ikibeba ndege. Kundi la Waingereza la manowari za mashariki likahamia wapi? Kilindini! Kilindini yetu. Shule ya Allidina Visram ikageuzwa ofisi ya kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Mei mwaka huo Swordfish za Illustrious zikashambulia Diego Suarez, kule Madagaska, na baadaye mwaka huo huo askari wetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, wakapelekwa kisiwani humo. Ndege za majini zikawa zinatumia Port Reitz, ambapo leo ni uwanja wa Moi. Pale pale nilipojifunza kushika spana. Zikatumia Tanga pia.

Na liko jambo moja lililonikosesha usingizi nilipolijua. Jeshi la majini la Uingereza huviita vituo vyake vya nchi kavu kwa majina kama ya meli, na viwanja vya ndege hupewa mara nyingi majina ya ndege warukao, wenye manyoya. Yeovilton jina lake ni HMS Heron. Heron ni ndege yule wa miguu mirefu anayesimama majini akingojea samaki. Sisi tunamwita nani? Korongo. Sasa, wakati wa vita jeshi hilo lilikuwa na karakana ya kutengeneza ndege zake Nairobi. Ilipewa jina gani?

HMS Korongo.

Kwa Kiswahili, ndugu zangu. Karakana ya fundi. Korongo mmoja Somerset, korongo mmoja Nairobi.

Nimalizie na habari ya baba yangu, Mungu amrehemu. Alizaliwa Changamwe. Wakati wa vita alikuwa mtoto wa miaka saba, na alikuwa akituhadithia ndege za mbawa mbili, juu na chini, zilizoshuka Port Reitz na kukunja mbawa zake zikishatua. Sisi watoto tulimwona anatutania. Ndege gani ya chuma inakunja mbawa? Tulicheka. Babu yangu, baba yake, alikuwa fundi wa matanga Mji wa Kale, na vita vilipoanza akachukuliwa kushona maturubai ya kufunikia injini za ndege hizo. Hakuandikwa popote. Hakuna karatasi yenye jina lake.

Mwaka 2016 nilimleta baba huku, akiwa na miaka 81, anatembelea bakora. Nikampeleka Yeovilton siku ya maonyesho. Swordfish ilipotolewa bandani mbawa zikiwa zimekunjwa, alinishika mkono kwa nguvu nikadhani anaumwa. Akasema, "Umeona? Umeona? Niliwaambia." Sikuwa na la kujibu. Miaka arobaini nilikuwa nimemfanya baba yangu mtu wa hadithi za uongo.

Ilipotua na umati ukapungua, fundi mmoja wa pale, mzee mwenzangu, alituruhusu tukaribie. Baba hakutazama injini. Alikwenda moja kwa moja kwenye bawa la chini, akapitisha vidole juu ya kitambaa mahali kinaposhonwa kwenye mbavu za bawa. Ukitazama kwa karibu unaona mstari wa vinundu vidogo, vimeachana sawasawa, chini ya rangi. Kila kinundu ni fundo. Uzi unapakwa nta, unapita juu ya bawa, unatoka chini, unafungwa fundo lisiloteleza, halafu linalofuata. Mamia yake. Baba akafumba macho, vidole vinahesabu. Akasema, "Hili fundo la mzee. Hili ndilo fundo la tanga."

Nikamtafsiria yule fundi. Fundi akaondoka bila neno, akarudi na kipande cha kitambaa, uzi na sindano ndefu. Akampa baba. Na baba, kwa mikono inayotetemeka, akafunga fundo. Fundi akalitazama, akalivuta, likashika. Akachukua sindano, akafunga lake pembeni. Yalikuwa sawa. Mtu wa Changamwe na mtu wa Somerset, hawasikilizani lugha, na fundo ni moja.

Tuliporudi nyumbani baba alimwita mwanangu, akakaa naye jikoni usiku ule mpaka saa sita, akimfundisha. Alifariki mwaka 2019.

Wazee wangu mlio hapa, yale mliyoyaona Tanga, Mtwara, Kilindini mkiwa watoto, mmemwambia nani? Na vijana, mmemwuliza nani? Msicheke kama nilivyocheka mimi. Simu hizo mlizonazo zinarekodi sauti. Hata leo, kabla chai haijapoa, kaeni na mzee mmoja.

Shazia ya babu, sindano yake ya kushonea matanga, ninayo hapa mfukoni, hii. Imepinda kidogo nchani. Mwanangu amekaa pale karibu na mlango, ana uzi na nta. Anayetaka kuliona lile fundo, aende akamwombe amfungie.